Mizizi Kwenye Glasi za Harusi

Jumatatu, 3 Machi

Mguu juu ya stuli, mimi juu ya kochi, dari juu yetu sote. Miaka yote hii nimekaa juu ya mapaa ya watu, leo nalitazama la kwangu kwa chini. Lina doa la unyevu kwenye kona. Fundi wa mabati huyo! Aibu.

Na kuanguka kwenyewe — laiti ingekuwa ghorofani, ningekuwa na la kusimulia. Banda la kuku! Ngazi imeteleza, nikashuka nayo. Wenzangu walicheka kwanza, ndipo wakaona mguu umeelekea upande usio wake.

Plasta mpaka mwisho wa mwezi. Nisikanyage. Basi nimeamua kuandika, maana Chiriku akishaenda shule hakuna wa kuongea naye. Tulimpa binti yetu jina zuri kabisa, ila mdomo wake ukampa lingine.

Mama Watoto amerudi saa sita mchana. Nimezoea kumwita hivyo ingawa mtoto tunaye mmoja. Hao wengine ni wale anaowapokea wodini kila siku. Zamu yake ya usiku iliisha asubuhi, wa kumpokea hakutokea, akaendelea. Amekula amesimama, kaegemea jokofu. Nikamwambia, si ukae. Akasema akikaa hanyanyuki tena.

Jioni nimepika mimi. Maajabu! Mayai na vitunguu majani. Nilipotaka kutupa vile vishina vyenye mizizi Chiriku akapiga ukelele kama namtupa paka. Eti mwalimu kasema ukivitia majini vinaota upya. Nimevitia kwenye glasi, dirishani. Tuone huyo mwalimu.


Jumatano, 5 Machi

Vimeota! Urefu wa kidole kizima! Nilikuwa nimelala navyo vikiwa vigutu, nimeamka vinanichungulia.

Mtu mzima na plasta yangu nimejikokota na magongo jikoni kutafuta kingine cha kuotesha. Kichwa cha karoti, kwenye kisahani. Kigutu cha kabichi, kwenye bakuli. Kitako cha saladi. Dirisha limejaa. Mama Watoto alipoamka mchana akasimama mlangoni akatazama, akacheka mpaka akashika ubavu. "Umefungua wodi?" Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka hivyo.

Tulikuwa tukicheka bado simu ikaita. Matroni, mkubwa wao wa wodi. Simu yake inajulikana, Mama Watoto huvuta pumzi kwanza ndipo apokee. Nilisikia upande mmoja tu: ndiyo… hapana, nimetoka asubuhi… ndiyo… sawa, nakuja. Nusu saa baadaye alikuwa njiani, nywele mbichi.

Nikamuuliza Chiriku kama mama yake huwa anaitwa hivi mara nyingi. Akanitazama kama mgeni aliyeshuka leo. "Baba, kila siku."


Ijumaa, 7 Machi

Nimevuna! Mkasi, kwaa, juu ya mayai. Vitamu kuliko vya dukani, au ni kwa sababu ni vyangu. Nimerudisha vishina majini. Chiriku anasema hatutanunua tena vitunguu maisha yetu yote. Ameshaanza kumpangia jirani bei.

Ukikaa nyumbani unaona mambo. Zamani nilikuwa nikirudi jioni na vumbi langu, kama Mama Watoto yupo, yupo, kama hayupo, yuko kazini, basi. Sasa namwona akiingia. Anavua viatu kabla hajafika mlangoni, anavishika mkononi. Anakaa kitandani na sare yake na mkoba begani, anatazama ukuta. Nikiita, anaitika vizuri tu, ila sauti inatoka mbali, kama mtu aliye chumba cha pili.

Wakunga wawili wameondoka tangu mwaka jana. Mmoja kapata kazi ng'ambo, mwingine kajifungua mapacha mwenyewe. Hakuna aliyeletwa badala yao. Kazi ya hao wawili haikuondoka nao. Ilibaki pale pale, ikagawanywa, na yeye ndiye asiyejua kukataa.


Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaja. Taabu tupu! Mguu hauinami, na kochi liko linatazama kiti chake, kwa hiyo unyayo wangu umemwelekea mama wa watu usoni mchana kutwa. Nimeufunika kwa shuka. Ukawa kama maiti iko sebuleni. Akasema, "Mkwe wangu, funua tu, nimeshaona miguu."

Yeye alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na mpaka leo akikutazama unahisi hujabandika stempu. Macho yakaenda dirishani. Kisha: "Hizo si glasi nilizowapa siku ya harusi?" Nikasema ndizo, mama. "Zenye ukingo wa dhahabu?" Ndizo, mama. Hakuongeza neno. Ingekuwa afadhali angeongeza.

Tukakaa kula. Mama Watoto alikuwa akimsimulia mama yake habari za mwanamke aliyejifungua kwenye ngazi za hospitali, hadithi nzuri, sote tunasikiliza — akanyamaza katikati. Kijiko kiko hewani. Tulidhani anatafuta neno. Amelala! Macho nusu wazi. Chiriku akataka kucheka, bibi yake akamshika mkono chini ya meza. Akakichukua kile kijiko taratibu kama mtu anayemwondolea mtoto kisu, akakiweka kwenye sahani. Tukamalizia kula bila kugonganisha vyombo.

Wakati wa kuondoka mama mkwe aliniambia mlangoni kwamba yule binti yake hata utotoni alikuwa hivyo, ukimtuma dukani mara kumi anakwenda mara kumi, na watu wote wa mtaa walikuwa wakimtuma. Akataka kusema zaidi. Akakohoa, akaenda.


Jumanne, 11 Machi

Vitunguu vimenitia wasiwasi. Nimevikata tena na tena, na kila mara vinarudi, kweli, lakini siyo vile. Vimekuwa vyembamba kama uzi wa kushonea. Rangi imepauka. Nimetafuna kimoja: maji matupu, hakuna ukali wala harufu. Na mizizi ndani ya glasi imeanza utelezi.

Karoti nayo — majani mazuri juu, yamejikunja kama manyoya, unaweza kumpelekea bibi harusi. Nikakishika kichwa chenyewe. Laini! Kinasinyaa. Chiriku akaniambia kwa sauti ya mwalimu: "Karoti haioti karoti nyingine, baba. Inajila yenyewe ili itoe majani." Nikamuuliza mbona hakusema tangu mwanzo. Eti sikuuliza.

Jioni nikamweleza Mama Watoto kama kichekesho. Kwamba wodi yangu ina wagonjwa mahututi. Hakucheka. Alisogeza kiti mpaka dirishani, akaiinua ile glasi kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu.

"Lakini watu wanaoviona kutoka nje si wanaona kijani?" akauliza.

Nikasema ndiyo. Jirani hata jana kasifia.

"Basi. Nami wananisifia. Matroni ananiita chuma. Madaktari wanasema huyu hachoki. Mwezi uliopita wamenipigia makofi kwenye mkutano." Akairudisha glasi. "Baba Chiriku, mimi asubuhi nikifika pale naota kweli. Sijui natolea wapi. Kina mama wanaona kijani."

Nimezoea matatizo ya kupigilia misumari. Nikamwekea mkono mgongoni. Mifupa tupu. Lini imekuwa hivyo?


Jumatano, 12 Machi

Mvua. Doa la dari limekua. Mguu unawasha ndani ya plasta, nimekuna kwa rula ya Chiriku, imevunjika. Mama Watoto hayupo, zamu mbili. Sina hamu ya kuandika.


Jumamosi, 15 Machi

Leo fundi cherehani wa ghorofa ya chini yetu kamleta Mama Watoto nyumbani. Alimkuta mlangoni kwake akihangaika na ufunguo wetu kwenye kitasa chake, akikilaumu kitasa. Ghorofa nzima ilikuwa bado imebaki, naye hajui! Yule mama alisimulia kwa kucheka, tukacheka naye kama ilivyo adabu. Alipotoka tu, Mama Watoto akaingia bafuni akafungulia maji. Maji yakatiririka muda mrefu mno kwa mtu anayenawa uso.

Nikagonga kwa gongo. Akafungua. Amekaa ukingoni mwa hodhi la kuogea na sare yake, macho mekundu.

Akanieleza. Ilikuwa juzi, siyo leo. Alikuwa amepokea mtoto, mzima, kalia vizuri, kamfunga kitambaa. Amesimama naye kumpeleka kwa mama yake. Hatua chache tu. Magoti yakaisha. Hakuteleza, hakujikwaa, anasema yalizimika tu kama taa. Akajikuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mtoto mapajani, mikono imemshika vile vile.

"Hakupata kitu?" nikauliza.

"Hakuamka hata." Akajifuta. "Mama yake hakujua. Alidhani nimekaa chini ili nimsomee mtoto dua. Akaanza kulia. Akasema hajawahi kuona mkunga mwenye upendo hivyo. Akanishukuru, Baba Chiriku! Amenishika mkono akanishukuru!"

Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba safari ijayo huenda mikono nayo ikazimika.

Nimeandika hili nikiwa mezani. Yeye yuko chumbani, kalala na viatu. Nimejaribu kumvua, kila nikigusa anashtuka, anasema "nipo, nipo".


Jumatatu, 17 Machi

Mama Watoto kaomba likizo. Kwa mdomo wake mwenyewe, uso kwa uso, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Matroni kasema hana wa kuweka, avumilie mpaka waletwe wapya. Wapya lini? Hajui. Wameahidiwa.

Nilitaka kumpigia huyo matroni nimpashe. Nilishashika simu. Mama Watoto akanipokonya. "Usithubutu! Siyo mtu mbaya." Nikasema mtu mbaya au mzuri, wewe unakwisha. Akasema nisipige kelele, Chiriku anasikia. Chiriku akajibu kutoka chumbani kwamba hasikii.

Alasiri mama mkwe kaja tena, safari hii na ndoo ya udongo! Kainunua kwa muuza maua, kaibeba mwenyewe, anahema mlangoni. Nikadhani ni huruma. Kumbe ni glasi. "Siwezi kulala," akasema, "nikifikiria dhahabu ile inanuka mizizi." Akavua saa yake, akakunja mikono ya blauzi, akavitoa vitunguu kimoja kimoja, akavichomeka kwenye ndoo. Glasi akazisugua kwa majivu na limau mpaka zikalia.

Nikamuuliza nianze kuvuna lini.

"Usivikate."

"Mpaka lini, mama?"

"Mimi nilikuwa posta, nitajuaje? We viache. Vikirefuka viache, vikilala viache. Kila ukipita unavipunguza, vitapata wapi nafasi ya kujishika chini?"

Mama Watoto alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na kikombe. Mama yake alikuwa anaongea na mimi, lakini hakuwa ananitazama mimi.


Alhamisi, 20 Machi

Homa. Asubuhi alisimama kuvaa sare, akakaa, akasimama, akakaa. Mara ya tatu nikaificha sare chini ya plasta, yaani nimeikalia kabisa, na mtu wa magongo akikalia kitu hakitoki. Tukaenda zahanati ya jirani, mimi nachechemea, yeye anayumba, Chiriku katikati kama nguzo. Watu walitupisha njia. Daktari kijana alimpima, akatazama macho, akasema hakuna malaria, hakuna kitu, huyu mwili umegoma. Apumzike siku kadhaa. Akaniuliza anafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema "aah", akainamisha kichwa. Naye macho yake yalikuwa na weusi chini yake.

Nimezima simu ya Mama Watoto nikaiweka juu ya kabati. Baada ya saa moja nimeikuta kitandani kwake, imewashwa. Hakumbuki kuamka.

Mchana nikamsikia akiongea chumbani. Nikajikokota. Kalala fofofo, simu iko mbali, kiganja chake kiko sikioni. Anasema, "Sawa. Nakuja."


Ijumaa, 21 Machi

Msimamizi wetu kanipigia leo. Wamepata paa kubwa la shule. Anaulizia mguu. Nikasema plasta inatolewa wiki ijayo. Akasema safi sana, basi siku inayofuata niwepo, hata kwa gongo, nikae chini nipime tu mabati, bila mimi mambo hayaendi, mimi ndiye mtu wake.

Nikasikia kifua kinavimba. Mtu wake! "Sawa, bosi," nikasema. "Nakuja."

Nikakata simu. Chiriku alikuwa sakafuni na madaftari yake. Hakuinua kichwa. "Baba, umesema kama mama."

Mama Watoto alikuwa kochini, kajifunika shuka. Tukatazamana. Nilidhani atanicheka, au atanisema, ana haki. Akasema tu, "Unaona inavyotoka? Yenyewe tu."

Sijampigia msimamizi tena. Nimeshika simu mara kadhaa. Nitamwambiaje? Kwamba mguu uko tayari lakini mwenye mguu hayuko tayari? Kesho nitampigia.


Jumapili, 23 Machi

Sijampigia.

Lakini naandika kwa sababu nyingine, tena haraka, nimeegemea meza ya jikoni.

Mama Watoto kalala tangu asubuhi, usingizi wa kweli, ule wa kukoroma. Chiriku yuko kwa bibi yake. Mlango ukagongwa, taratibu, kama mtu anayetumaini hatasikiwa. Nikafungua. Mama mmoja mnene wa makamo, sare nyeupe, mkoba kifuani. Sijawahi kumwona wala kumsikia, ila nikamjua mara moja: matroni.

"Hodi, shemeji. Samahani sana. Simu yake haipatikani."

Nikasimama mlangoni na magongo yangu yote mawili. Nikamwambia anaumwa. Akasema anajua, pole. Nikasema daktari kasema apumzike. Akasema anajua. Maneno niliyoyapanga tangu Jumatatu yalikuwa tayari mdomoni, makali kabisa. Nikaanza: "Matroni, mnamuua mke wangu."

Hakukasirika. Akaitika kwa kichwa, kama mtu anayesomewa anwani yake.

"Wodi imejaa, shemeji," akasema. "Nimebaki na mwanafunzi mmoja na muuguzi wa watoto. Nimezunguka kwa wote. Mmoja kajificha, nimeliona pazia likitikisika. Yeye ndiye wa mwisho. Sikuja kumlazimisha. Nimekuja kuuliza tu. Akikataa narudi." Kisha: "Naomba maji."

Ningefanya nini? Nikampisha. Akakaa pale kwenye kiti cha mama mkwe, wima, mkoba mapajani. Nikamuuliza ametoka kazini saa ngapi. Akasema hajatoka. Tangu lini? Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Akacheka kidogo.

Nikaja jikoni kuchota maji. Kwa magongo, glasi ya maji ni safari. Nikaona bora nichemshe na chai. Nikageuka kumuuliza sukari.

Kalala. Wima vile vile, mdomo wazi, kofia imeinamia sikio. Mkoba umeteleza umefunguka. Simu yake iko mezani, inatetema, inajisogeza yenyewe kwenye kitambaa. Jina limeandikwa: WODI.

Imenyamaza. Imeanza tena.

Nikimwamsha huyu, atamwamsha yule. Nisipowaamsha, kuna mwanafunzi mmoja huko, na kina mama waliojaa. Nimesimama katikati. Laiti ningekuwa sina mguu mbovu ningekwenda mwenyewe — kufanya nini? Kupigilia mabati?

Kitanda kimelia. Nyayo.

Mama Watoto ametoka chumbani, kanga begani, alama ya mto shavuni. Hajanitazama. Anaitazama simu. Anamtazama matroni. Nimemwambia kwa kunong'ona, rudi kalale, mimi ndiye nimemruhusu kuingia. Amesogea. Nilijua anakwenda kuchukua simu, nilijua kabisa, nimeshuhudia mkono ule ukinyooka mara ngapi.

Amepiga magoti. Anafungua kamba za viatu vya matroni. Kimoja kimegoma, mguu umevimba ukamwagika juu ya ukingo wake. Anakivuta polepole. Matroni amesema "nipo, nipo" bila kufumbua macho, na Mama Watoto amemjibu, "Najua."

Sasa amegeuka kwangu. Anataka beseni, na maji ya uvuguvugu ya kumkanda miguu. Simu bado inaita.